Kupeleka Vitunguu Dar Mwenyewe Bila Kurudi na Nauli Tu: Mwongozo Kamili

Kila msimu napigiwa simu ile ile. Mtu kalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, Malolo au Mang'ola. Mnunuzi kaja shambani, kampa bei ya kutupa, naye kwa hasira kaamua kupeleka mzigo mwenyewe. Siku nne baadaye yuko stendi ya Magufuli pale Mbezi, anaomba atumiwe nauli ya kurudi.

Nikimhoji, makosa ni yale yale matatu. Alipakia vitunguu vyenye shingo mbichi. Hakujua gunia lake lina kilo ngapi. Na hesabu aliipiga akiwa njiani kurudi. Lawama zote anabebeshwa dalali, lakini dalali ni mtu wa mwisho kwenye foleni. Hasara nyingi ilishaingia kabla lori halijawashwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye magunia 30 hadi 100 ya vitunguu maji. Kama una chini ya hapo, ungana na jirani au uza shambani, maana gharama za safari yako peke yako zitakumaliza. Mfano wangu ni njia ya Ruaha Mbuyuni hadi Dar, ndiyo niliyoipita mara nyingi. Wa Mang'ola na Singida badilisheni nauli na majina ya masoko. Mengine ni yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 150. Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini mkichanga watu watano haiumi. Bila mizani, usisome zaidi ya hapa.
- Magunia ya neti, yale mekundu, na matano ya ziada. Viroba vya plastiki visivyopitisha hewa havifai hata bure.
- Shazia mbili na kamba ya kushonea.
- Visu vikali au mikasi.
- Turubai la kitambaa kizito. Nailoni nitaieleza mbele, nina kisa nayo.
- Miti, mianzi au matete ya kutengenezea chanja.
- Makapeni ya kuandika alama kwenye magunia.
- Daftari. Simu ina kazi zake, ila chaji huisha saa kumi alfajiri wakati hesabu ndiyo inaanza.
- Namba za watu watatu walioko sokoni, wasiofahamiana.
- Pesa taslimu ya njiani, mbali na ile ya simu.

## Hatua ya 1: Piga hesabu vitunguu vikiwa bado ardhini

Kitunguu kikishang'olewa, kinakupangia ratiba. Kikiwa ardhini, wewe ndiye unayepanga. Kwa hiyo hesabu inafanyika wiki mbili kabla ya kung'oa.

Tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za mfano tu, zifute uandike za kwako. Una magunia 60 ya kilo 90, yaani kilo 5,400. Mnunuzi amekuja shambani anatoa shilingi 750 kwa kilo, na atang'oa, atakata na kufunga kwa gharama zake. Maana yake ukikubali unapata 4,050,000 mkononi bila kusogea.

Ukipeleka mwenyewe, gharama ni hizi:

- Magunia 60 kwa 1,500: 90,000
- Vibarua wa kung'oa, kukata na kuchambua: 300,000
- Kufunga na kushona: 60,000
- Kupakia: 60,000
- Nauli ya gari, 8,000 kwa gunia: 480,000
- Ushuru wa halmashauri, asilimia 2: 81,000
- Kushusha: 60,000
- Ushuru wa soko: 60,000
- Dalali, 4,000 kwa gunia: 240,000
- Nauli yako, chakula na kulala: 100,000

Jumla 1,531,000. Wengi huishia hapo. Bado kuna mzigo unaopotea: kitunguu kinaendelea kutoa maji njiani, na vingine vitaoza. Toa asilimia 5, zibaki kilo 5,130.

Sasa jumlisha ulichokiacha shambani na gharama: 4,050,000 na 1,531,000 ni 5,581,000. Gawanya kwa kilo 5,130. Unapata kama shilingi 1,088 kwa kilo. Hapo hujapata faida hata senti. Umelingana tu na yule jirani aliyeuza shambani akaenda kulala. Ongeza angalau asilimia 10 kwa ajili ya hatari na usingizi wako, ifike kama 1,200.

Hiyo 1,200 iandike kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari. Bei ya Dar ikiwa chini yake, uza shambani. Hakuna aibu. Kuuza shambani kwa hesabu ni biashara. Kupeleka Dar kwa hasira ni utalii.

Utajua umefaulu ukiwa na: namba moja tu, bei ya kilo ambayo chini yake hupakii.

## Hatua ya 2: Tafuta bei ya kilo, achana na bei ya gunia

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Ngoja niandike mazungumzo ya simu kama yanavyokuwa:

"Kaka, soko zuri kweli, lete mzigo. Gunia laki na kumi."

"Gunia lenu la kilo ngapi, mzee?"

"Aah, gunia ni gunia, kaka. We lete."

Mkulima anagawa 110,000 kwa kilo zake 90, anapata 1,222. Imepita bei yake ya chini, anapakia. Akifika anaoneshwa gunia linalouzwa laki na kumi: limejazwa, likaongezewa kilemba cha neti juu, limeshonwa likavimba kama mjamzito wa miezi tisa. Kilo 120. Gawanya tena: 917 kwa kilo. Gunia lake la kilo 90 litaitwa "dogo" na kupewa bei ya udogo wake. Bei yake ya chini kabisa ni 1,200, kwa hiyo safari nzima ilikuwa hasara tangu ile simu.

Hii ndiyo lumbesa, na ubaya wake kwako hauishii kwenye kilo za bure unazotoa. Inakufanya usiweze kulinganisha bei za masoko mawili. Gunia la Ilala, la Mabibo na la Temeke Stereo yanaweza kuwa mambo matatu tofauti siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo piga simu kwa watu watatu: dalali, dereva au kuli wa pale sokoni, na mama wa genge anayenunua kwa jumla. Huyu wa tatu ni dhahabu. Hana sababu ya kukudanganya, yeye anataka vitunguu. Waulize wote maswali haya:

1. Gunia la leo lina kilemba? Likipimwa lina kilo ngapi?
2. Asubuhi ya leo yameingia magari mangapi ya vitunguu?
3. Mzigo huo wa wapi?

Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Bei moja ya siku moja haikuambii kitu. Bei ikishuka siku mbili huku magari yakiongezeka, na mzigo wa Singida na Mang'ola umeanza kuingia pamoja na wa kwenu, subiri. Magari yakipungua hata kama bei haijapanda, jiandae.

Utasubiri vipi? Inategemea ulivyokausha. Ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote.

Utajua umefaulu ukiwa na: bei ya kilo kutoka vinywa vitatu, na hazipishani sana.

## Hatua ya 3: Kata maji, kisha ng'oa

Acha kumwagilia siku 10 hadi 14 kabla ya kung'oa. Naelewa kishawishi: maji yanaongeza uzito. Lakini uzito huo hautafika Dar. Utadondoka chini ya lori.

Mbolea ya naitrojeni, yaani urea au CAN, ilitakiwa iwe imeachwa zamani, kitunguu kilipoanza kuvimba. Uliyeweka mwishoni utaona shingo nene kama kidole gumba, na hizo hazikauki sawasawa. Zitenge tangu mwanzo, uzile au uziuze pale kijijini.

Ng'oa pale zaidi ya nusu ya majani yanapokuwa yamelala yenyewe. Usipite na dramu kuyalaza ili yaonekane yamekomaa. Unamdanganya nani? Fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, na usivitupe kwa mbali kwenye rundo. Kitunguu kikipondeka hakionyeshi siku hiyo. Doa linakuja siku ya tano, ndani ya gunia.

## Hatua ya 4: Kausha mpaka shingo ifunge

Nianze na kisa, maana mimi mwenyewe nimelipa ada ya somo hili.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa magunia 42. Nilivikausha siku mbili tu kwa sababu bei ilikuwa imepanda nikaogopa kuikosa. Nikavikata, nikafunga, nikafunika lori kwa nailoni nyeusi kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda. Gari likaharibika baada ya Mikumi, tukalala hapo na kushinda kutwa. Tulipofunua Dar, mvuke ulitoka kama sufuria ya wali. Chini ya lori palikuwa na michirizi ya maji ya rangi ya chai, na nzi walishafika kabla ya dalali. Nilichambua magunia 42 nikapata 19 ya kuuza, kwa bei ya huruma. Nailoni sikuigusa tena.

Kilichotokea ni hiki. Shingo ya kitunguu ni mlango. Ikiwa mbichi, mlango uko wazi: maji yanatoka, vijidudu vya kuozesha vinaingia. Ukiikata ingali mbichi umeung'oa mlango wenyewe. Ukikausha kitunguu na majani yake, shingo inasinyaa, inajifunga, na maganda ya nje yanageuka karatasi. Hapo kinaweza kukaa wiki nyingi.

Namna ya kufanya:

Siku 2 hadi 3 za kwanza, shambani. Laza vitunguu kwa mistari, majani ya mstari mmoja yafunike vichwa vya mstari uliotangulia, kama mtu anavyoezeka nyasi. Jua la mchana likipiga kitunguu kilicho uchi, linakichoma. Utaona doa jeupe laini, na hapo ndipo uozo unapoanzia. Unachotaka ni upepo mkavu na joto, na majani ndiyo kivuli chako.

Siku 7 hadi 10 zinazofuata, kwenye chanja kivulini. Inua chanja usawa wa goti au zaidi, upepo upite chini. Tandaza, usirundike, kina cha sentimita 30 kinatosha. Geuza kila baada ya siku mbili. Kama huna banda, mti mkubwa wenye kivuli na chanja chini yake unafaa wakati wa kiangazi.

Mvua ikitishia, funika kwa turubai lililoinuliwa juu ya miti, lisigusane na vitunguu, na ulifunue mara mvua inapokatika. Kufunika usiku na kusahau mpaka saa nne asubuhi ni sawa na kuvichemsha.

Kila jioni ingiza mkono katikati ya rundo. Ukihisi joto kuliko nje, lipunguze kina usiku huo huo. Usingoje kesho.

Utajua umefaulu hivi: bana shingo kwa kidole gumba na cha shahada, kisha sugua. Ikiteleza ndani, bado. Ikiwa imekauka kama kamba ya mgomba, tayari. Mizizi ukiigusa inakatika. Na ukimimina kitunguu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kinachakarika. Jaribu vitunguu 20 kutoka sehemu mbalimbali za chanja, hasa katikati. Kama zaidi ya viwili vimefeli, ongeza siku tatu.

Vitunguu vilivyofikia hapo vinaweza kukaa miezi miwili hadi mitatu kwenye banda lenye upepo, huku ukitoa vinavyoharibika kila wiki. Ndiyo nguvu yako ya kubishana bei. Mnunuzi wa shambani anaijua vizuri kuliko wewe: anapokuja anabana shingo kwanza, na ikiwa mbichi anajua huna pa kwenda.

## Hatua ya 5: Kata na chambua

Kata majani ukiacha shingo ya sentimita 2 hadi 3. Ukikata sawa na kichwa unafungua jeraha. Mizizi ipunguze, usiichimbe.

Chambua mafungu manne: vikubwa, vya wastani, vidogo, na vya kutosafiri. Hilo la mwisho ni pamoja na vyenye shingo nene, pacha, vilivyochunika, vilivyochomwa na jua, na vilivyotoa maua. Kimoja chenye uozo katikati ya gunia kitamwaga maji kwa majirani zake wote kabla ya Chalinze.

Je, vikubwa ndivyo vyenye bei? Si lazima. Hoteli na mama ntilie wanavipenda vikubwa kwa kuwa ni vyepesi kumenya. Lakini Dar nyingi inanunua kwa fungu gengeni, na mwenye genge anataka vya wastani ili fungu lionekane limejaa. Uliza kabla ya safari. Mimi nimeuza vya wastani kwa bei ya juu kuliko vikubwa zaidi ya mara moja.

Usichanganye mafungu. Na ule ujanja wa kuweka vizuri juu na vibaya chini uache kabisa: mnunuzi wa jumla anamwaga gunia zima sakafuni mbele ya watu, na kuanzia hapo alama iliyoko kwenye magunia yako ndiyo sifa yako.

## Hatua ya 6: Funga, pima, weka alama

Pima kila gunia. Kila moja. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaweza kukushika njiani au sokoni. Mimi hufunga kilo 90 ili kuli asilipasue na mimi nisibishane na mtu.

Utaambiwa "bila kilemba haliuziki". Mara nyingine ni kweli kwamba mnunuzi atanuna. Jibu lako liwe ni bei ya kilo: "Hili la kilo 90, nataka 1,250 kwa kilo, zidisha mwenyewe." Wapo watakaoondoka. Mama wa genge hubaki, kwa sababu anajua kilemba kinavyosumbua kubeba.

Shona mdomo kwa shazia, mishono ya karibu. Andika kwenye kila gunia herufi zako mbili, namba, fungu na kilo, mfano: *MK-17, wastani, 90*. Nakili kwenye daftari. Gari likibeba mizigo ya watu watatu, hizo herufi ndizo zitakazokurudishia magunia yako saa tisa usiku.

## Hatua ya 7: Gari na ushuru

Patana nauli kwa gunia, na sema wazi kilo za gunia. Dereva akizoea lumbesa, gunia lako la kilo 90 ni nafuu kwake, kwa hiyo dai nauli ndogo. Lipa nusu wakati wa kupakia, nusu baada ya kushusha. Andika namba ya gari, na upige picha gari likiwa limepakiwa.

Kagua sakafu ya lori kabla ya kupakia. Lililobeba mbolea ya chumvichumvi au samaki jana, lioshwe na likauke au utafute jingine. Panga magunia yakiwa na nafasi ndogo ya upepo pembeni, turubai liinuliwe juu ya vyuma vya lori. Wapiga debe wasipandishe abiria juu ya mzigo. Kila aliyekaa pale kwa saa nane anaponda gunia chini yake.

Angalia na uzito wa jumla. Magari ya zaidi ya tani 3.5 yanapita mizani barabarani, na pale Vigwaza mkoani Pwani lori lililozidisha linaweza kusimama muda mrefu na mzigo wako juani. Ukiona dereva anaongeza mzigo wa njiani, gomba mapema.

Ushuru wa mazao: tangu 2017 viwango vilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ulisamehewa. Ulizia ofisi ya halmashauri yako vitunguu vimewekwa kundi gani, lipa hapo mzigo ulipotoka, udai risiti ya mashine. Risiti hiyo iwe mfukoni mwako, si kwa dereva. Kwenye geti la mbele ukiombwa ulipe tena mzigo ule ule, ionyeshe bila kugombana. Anayekupa karatasi isiyo na mashine, mwulize jina lake kwa upole huku umeshika kalamu. Kalamu hufanya maajabu.

Pakia jioni, safiri usiku, ufike kabla ya alfajiri. Kuna ubaridi, na biashara ya jumla Ilala au Mabibo huchangamka mapema sana. Mzigo unaoingia saa nne asubuhi unawakuta wanunuzi wakubwa wameshaondoka.

## Hatua ya 8: Dalali

Sitawaambia mkwepe dalali. Nimejaribu. Nilisimama na magunia yangu kutoka alfajiri hadi saa tano bila mtu kuniuliza hata bei, kwa sababu wanunuzi wanamwamini mtu watakayemkuta kesho. Dalali anauza nafasi, wateja na uso unaojulikana. Mlipe kwa hilo. Kazi yako ni kuhakikisha unamlipa mara moja tu.

Kabla gunia la kwanza halijashuka, pataneni haya manne mbele ya mtu wa tatu:

Kamisheni ni kiasi gani kwa gunia. Tarakimu kamili. "Tutaelewana" maana yake umeshakubali chochote.

Nani analipa kushusha na ushuru wa soko. Mara nyingi ni wewe. Sawa, ila ijulikane sasa.

Hakuna mali kauli. Mali kauli ni kutoa mzigo leo kwa ahadi ya kulipwa ukishauzwa. Kwa mtu wa mjini anayeonana na mdaiwa wake kila asubuhi inawezekana. Kwako wewe wa Ruaha Mbuyuni, ni zawadi. Pesa ikiingia kwenye simu yako, hakikisha salio lenyewe; meseji peke yake hutengenezwa.

Hakuna cha juu. Cha juu ni pale anapokwambia kauza laki moja, kumbe kauza laki na kumi, elfu kumi imelala mfukoni mwake, na kamisheni bado anaidai. Dawa yake ni moja: simama hapo. Usiende kunywa chai bei inapotajwa, usikubali kupumzika kwenye benchi la ofisini kwake hata kama umekesha. Sikia bei kwa masikio yako na uandike kila gunia linapobebwa: namba, kilo, bei, saa.

Ukiwa huwezi kwenda, tuma mtu wako na daftari, na umpe ile bei ya kwenye jalada.

Usiuze mzigo wote kwa bei ya kwanza. Toa magunia 10 uone yanavyokwenda. Yakiisha haraka, panda kidogo. Yakikaa nusu saa bila mtu, ulizia mzigo wa leo ni mwingi kiasi gani kabla ya kushusha bei, kwa sababu wakati mwingine tatizo ni gunia lililofunguliwa kama kielelezo. Fungua jingine.

Utajua umefaulu ukiwa na: pesa yote mkononi au kwenye simu kabla hujaondoka sokoni, na daftari lenye mistari sawa na idadi ya magunia.

## Kwa wanaofikiria Kenya

Wa Mang'ola mnawajua wanunuzi wa Kenya, wanakuja hadi shambani. Kanuni ya kilo ni ile ile, na wao ndio mabingwa wa kilemba. Ukitaka kuvusha mwenyewe Namanga, unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachotolewa pale mpakani. Ila mara ya kwanza nenda mikono mitupu, ukaangalie. Mpaka si mahali pa kujifunzia ukiwa na tani tano mgongoni.

## Mzigo ukikwama

Inatokea. Umefika, magari yameingia mengi, bei imelala chini ya ile ya kwenye jalada.

Kama vitunguu vimekauka sawasawa, una siku mbili tatu. Hamishia soko jingine la hapo hapo Dar ikiwa simu zako zinaonyesha tofauti ya bei inayozidi gharama ya kenta na kupakia upya. Au uza kiasi cha kurudisha nauli na kushusha, kilichobaki kiweke chini ya paa penye upepo, juu ya mbao, si juu ya sakafu ya saruji. Ulipie ulinzi wa usiku na uandikiwe idadi.

Kama shingo ni mbichi, huna siku hata moja. Uza saa hiyo hiyo kwa bei iliyopo.

Asubuhi ya pili, mwaga kila gunia lililobaki, toa vilivyolainika, pima tena, ushone upya na ubadilishe kilo kwenye alama. Magunia matano yatakuwa manne na nusu. Hilo nusu usilifiche ndani ya mengine. Mpelekee yule mama wa genge aliyekupa bei kwenye simu, umwachie kwa bei nafuu. Msimu ujao utampigia tena.